Sindano ya Nne

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawajibu niko idara ya uzazi. Wananiheshimu kwa nusu dakika, mpaka waulize uzazi wa nani. Wa panya. Nina cheti cha kidato cha nne, chenye alama ambazo mwalimu wa hesabu alisema zinanitosha kuhesabu mbuzi, tena wakiwa wamefungwa. Ila siogopi panya. Siku ya usaili tulikuwa kumi na mmoja. Wakamtoa panya mweupe wakamweka mezani, tukabaki watatu.

Kila asubuhi saa mbili navaa koti, glavu na viatu vya mpira, naingia kwenye chumba kisicho na dirisha, kinachonuka maranda na mkojo, nafungua kizimba kimoja kimoja. Kila kizimba kina dume mmoja na jike mmoja waliolala pamoja. Namwinua jike kwa mkia, namchungulia chini bila hata kumsabahi. Nikiona kizibo cheupe, kama tone la nta lililoganda, najua wameelewana. Naandika kwenye kadi ya kizimba: SIKU 1. Jana yake jioni, dume alipoingizwa, ndiyo siku sifuri. Siku sifuri hakuna kilichoingia mwilini mwa mtu. Ni siku ya kutandika maranda mapya na kuwatakia heri. Miaka mitatu nimeandika hivyo, hata sifikirii tena, kama vile mtu asivyofikiria aanze na mguu upi kushuka kitandani.

Bosi wangu ni mama mmoja mwembamba tunayemwita Daktari, ingawa hajawahi kumtibu mtu hata mafua. Anatafuta jeni zipi zinaamka ndani ya kizazi cha panya siku kiinitete kinapotaka kushika, na nani anayeziamsha. Siku yangu ya kwanza alinieleza kwa mishale ubaoni, nami nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Akaniona. Akafuta ubao.

"Ulisoma bweni?"

"Ndiyo, Daktari."

"Basi sikiliza. Jeni ni wanafunzi. Wote wamo bwenini, hakuna aliyetoroka, lakini wengi wamelala. Homoni ni matroni. Anaingia na orodha yake. Haamshi bweni zima, anaita majina. Wewe amka ufagie. Wewe nenda getini. Wewe endelea kulala, ukiamka leo utatuharibia."

"Matroni ni mmoja?"

"Wawili. Anatangulia estrojeni, huyu anajenga. Ukuta wa kizazi unanenepa. Halafu anaingia projesteroni, anasema ujenzi basi, tulieni, pangeni vitanda, mgeni yuko njiani. Tangu hapo ni kuhesabu saa. Geti linafunguliwa kwa muda mfupi tu. Mgeni akiwahi, wa getini bado anatafuta viatu. Akichelewa, geti limefungwa na funguo zimerudi ofisini."

Miaka minne ya baiolojia haikunipa kitu kama kile. Nikamwuliza mbona huyo matroni wa pili anafanana na wa kwetu, mpaka kwa orodha. Akaniambia nikaoshe vizimba.

Sasa, dada yangu.

Dada ni fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule. Nakaa kwake, na ada yangu ya shule aliilipa yeye. Ameolewa miaka tisa na fundi majokofu, shemeji yangu, mtu mnene mwenye mikono mizito na maneno mepesi. Mimba haikuja yenyewe, wakaenda kliniki, wakapandikiziwa mara tatu. Mara hizo tatu zinafanana. Simu inalia, nesi anataja namba ya homoni ya mimba kwenye damu, ndogo mno, dada anasema sawa. Mara ya kwanza alilia siku mbili. Mara ya pili alilia jioni moja. Mara ya tatu aliuliza kama kuna mtu amekumbuka kununua sabuni.

Kiinitete kikabaki kimoja, kwenye tangi la baridi pale kliniki. Na wakaambiwa wazi: mayai ya dada hayavuniki tena. Hicho kisiposhika, habari imekwisha.

"Mwanangu amekaa kwenye friza miaka miwili," shemeji alipenda kusema, "na mimi ni fundi baridi, mji mzima unanijua. Hawajaniita hata siku moja nikague gesi."

"Wanaogopa utakigandisha zaidi, shem."

"Nyamaza, Mama Panya."

Ndivyo tulivyokuwa tukiongea, mimi na yeye, juu ya kichwa cha dada, kama watu wawili wanaorushiana mpira juu ya ukuta.

Kazi ya sindano safari hii nilipewa mimi, kwa sababu kutwa nachoma panya. Projesteroni yenyewe ni mafuta mazito. Unabana kichupa kwapani dakika kumi mafuta yalainike, unavuta kwa sindano nene, unachoma tako upande wa juu kwa nje, unasukuma taratibu. Shemeji alijaribu mara moja mwaka ule wa kwanza. Sindano iliingia vizuri, aliyeanguka ni yeye, na tangu hapo dada akawa anachomwa kliniki.

Jumamosi moja dada alirudi kutoka kupimwa kliniki. Alikuwa amemeza vidonge vya estrojeni wiki mbili.

"Ukuta uko vizuri," alisema, akivua viatu. Alisema kama mtu anayesoma mita ya maji. "Milimita tisa. Leo ni siku sifuri. Siku ya tano, Alhamisi, wanapandikiza."

Akanipa mfuko wa dawa na kadi. Kadi iliandikwa kwa haraka: Siku 0 Jumamosi. Siku 5 Alhamisi. Sindano kila jioni saa moja. Nikaisoma kama ninavyosoma kadi za vizimba.

"Basi leo unapumzika," nikamwambia. "Siku sifuri ni ya kutandika tu. Tunaanza kesho."

"Una hakika?"

"Dada, hii ndiyo kazi yangu. Muulize panya yeyote."

Akatoa hewa kwa pua, ndiko kucheka kwake siku hizo, akaenda kuoga.

Jumapili nikachoma tako la kulia. Jumatatu la kushoto. Jumanne nikarudi la kulia, nikakuta bado pana uvimbe mgumu kama kifungo cha koti.

"Panauma?"

"Sijui. Pamekufa ganzi."

"Nichome hapa pembeni?"

"Choma popote. Kukaa kwenye cherehani saa tisa nzima na hilo tako, ganzi ni neema."

Nikachoma. Hakushtuka. Alikuwa ameinamisha uso kwenye mto, anasoma karatasi ya vipimo vya sare za shule fulani: kiuno, kifua, urefu wa sketi. Nilipomaliza akaniuliza kama namba mbili iliyoandikwa pale ni mbili au saba. Nikamwambia saba. Akasema asante, sijui ni ya sindano au ya saba.

Jumatano mchana nilikuwa na Daktari maabara, tunapanga vizazi vya panya wa siku ya nne kwenye visahani vya barafu. Vitu vidogo, vyekundu, kama uzi wa sufu uliolowa. Akaniuliza bila kuinua macho:

"Dada yako kesho, siyo?"

"Kesho saa nne asubuhi."

"Vizuri. Jioni ya leo ni sindano ya ngapi?"

"Ya nne."

Mkono wake ukasimama. "Ya nne?"

"Jumapili, Jumatatu, Jumanne, leo. Nne. Na walitupa vichupa vya ziada, kimoja kitabaki siku ya kupandikiza. Nilisema wametupa nyongeza kama wauza vitunguu."

Daktari akaweka koleo chini. "Siku sifuri ilikuwa lini?"

"Jumamosi."

"Na Jumamosi ulimchoma?"

Nilijua kabla hajamaliza. Sikuhisi kitu chochote, nasema kweli. Nilitazama visahani nikaona kimoja kimekaa upande, nikakinyoosha.

"Kwao siku sifuri ndiyo siku ya sindano ya kwanza," Daktari alisema. "Si kama sisi. Wanahesabu siku zilizopita tangu matroni aingie. Kesho walitaka awe na siku tano. Atakuwa na nne."

"Nimchome mbili leo. Niliyomkosesha na ya leo."

"Hapana."

"Nusu asubuhi, basi."

"Ukimpa matroni kipaza sauti, watoto hawatafunga kamba za viatu haraka zaidi. Si wingi wa dawa, ni muda. Kuna jeni inaamka siku ya pili, hiyo ndiyo inaamsha ya siku ya tatu, na ya tatu inaamsha ya nne. Siku haiongezwi kwa kijiko." Akavua glavu. "Wanayeyusha lini?"

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi."

"Basi hakijayeyushwa. Piga simu sasa hivi."

Nikapiga. Nesi alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuuliza, akarudi. Alisema daktari wao anaweza kusogeza mpaka Ijumaa, nafasi ipo, ila lazima mgonjwa mwenyewe aseme kwa mdomo wake, na apige kabla ya saa kumi na moja. Asipopiga, ratiba inabaki ilivyo. Kikishayeyushwa hakirudi kwenye baridi.

"Mgonjwa anajua kilichotokea?" akauliza.

"Bado."

"Mwambie, mdogo wangu. Usimwache akisikie kwetu."

Nilivua koti nikatoka. Karakana ya dada iko nyuma ya duka la vitambaa, ukumbi mmoja mrefu, mashine thelathini zinalia kwa pamoja. Pale ndani huwezi kunong'ona. Ukiwa na siri, ama uipige kelele ama urudi nayo nyumbani. Njiani nilikuwa nimetunga maneno, mengine ya kuchekesha kidogo, kwa sababu mimi nikiogopa huwa nachekesha. Niliposimama kando ya mashine yake hayakuja hata moja.

"Mbona uko hapa?" alisema kwa sauti kubwa. "Panya wamegoma?"

"Dada, nimekosea hesabu!"

"Nini?"

"Jumamosi! Ilitakiwa nikuchome Jumamosi! Nilichelewa kuanza siku moja!"

Mwanamke wa mashine ya jirani akageuka, akaona nyuso zetu, akarudi kwenye mfuko wake wa shati. Dada alikuwa katikati ya kola. Mguu wake haukutoka kwenye pedali. Akashona mpaka kwenye ncha, akageuza kitambaa, akashona upande wa pili, akarudisha mshono nyuma kidogo ili usifumuke, akakata uzi.

"Kwa hiyo kesho?"

"Kesho kizazi hakitakuwa tayari. Wanaweza kusogeza mpaka Ijumaa. Lazima uwapigie wewe. Kabla ya saa kumi na moja."

"Saa ngapi sasa?"

"Tisa na nusu."

Akachukua simu, tukatoka uani, penye magunia ya vipande vya nguo. Akapiga. Akataja jina lake na namba ya faili, akasema, "Ndiyo, nakubali Ijumaa." Akasikiliza. "Hapana, sina swali." Akakata.

Nilisubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Ningelipokea vizuri tu.

"Nitukane basi," nikamwambia.

"Nina kola sabini za kumaliza."

"Dada, ningeua kile kitu. Kwa ujuaji wangu. Uliniuliza kama nina hakika."

"Nilikuuliza, ndiyo." Alikuwa akiangalia magunia. "Unajua nilipokusikia pale ndani niliwaza nini? Niliwaza, afadhali, safari hii kuna sababu. Zile tatu hazikuwa na sababu." Akapangusa nyuzi kwenye sketi. "Nenda kazini. Wasikukate mshahara."

Akarudi ndani. Mimi nikakaa kwenye gunia dakika kama tano, nikitazama mikono yangu.

Shemeji ndiye aliyekasirika, ila hasira yake ilikuwa na adabu, na hiyo ni mbaya zaidi. Jioni alinisikiliza sebuleni akiwa bado na mkoba wa vifaa begani.

"Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili kimekaa kwenye baridi hakijaharibika. Kimekuja kuponea chupuchupu mikononi mwetu."

"Mikononi mwangu, shem."

"Nimesema mwetu." Akaweka mkoba chini. "Sindano ya leo nachoma mimi."

"Utaanguka."

"Nitaanguka baada ya kuchoma."

Dada alikuwa ameshalala kifudifudi chumbani, mlango wazi. Alisema kutoka kwenye mto, bila kupandisha sauti, "Achome mdogo wangu. Anajua mahali."

Shemeji akaniangalia. Nikamwangalia. Tulikuwa na utani wa miaka tisa na hakuna aliyekuwa na hata mmoja wa kutoa. Akasogea mlangoni nipite. Alikaa kitandani upande wa kichwa, akashika kipande cha karatasi na kalamu, na nilipotoa sindano akaandika: Jumatano, ya nne, saa moja na dakika mbili. Alhamisi akaandika ya tano. Tangu siku ile hesabu ikawa yake. Sikumwomba anirudishie.

Ijumaa tulikwenda wote watatu. Mimi nilibaki kwenye benchi la korido, pamoja na mwanamume mmoja aliyekuwa amevaa soksi za rangi mbili na hajui. Shemeji aliingia na dada. Baadaye alinieleza: walionyeshwa kwenye skrini, mrija mwembamba ukaingia, kisha nukta nyeupe ikatokea kama chembe ya chumvi, mrija ukatoka. Dakika saba.

"Nilitaka kuuliza nyuzi joto zao ni ngapi," alisema. "Ulimi ukanigomea."

Dada alitoka akitembea kama anayetoka benki. Tulipita dukani akanunua uzi wa bluu.

Siku kumi zilizofuata sina la kusimulia. Nilichoma, shemeji akaandika. Panya walipandana, nikaandika. Daktari alinipa gazeti la kisayansi lenye picha ya kizazi cha binadamu cha siku ya tano, seli zimechomoza vidole vidogo kama zulia linalosimama. Nilitaka kumwonyesha dada, nikaliacha kwenye kabati la kazini. Nyumbani hakuna aliyesema "ikishika" wala "isiposhika." Tulisema "tarehe ile." Bomba la jikoni likawa linavuja, shemeji akalitengeneza, likavuja tena, akalitengeneza tena, na mara ya tatu nilimwona akilifungua mwenyewe likiwa halivuji.

Tarehe ile ilikuwa Jumatatu. Damu ilitolewa asubuhi, dada akaenda kazini, akaomba ruhusa ya kutoka saa tisa. Saa kumi kasoro robo alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, simu mezani, mikono mapajani. Mimi na shemeji tulikuwa mlangoni. Hatukuwa tumekubaliana tusimame pale.

Ikalia. Akaweka sauti ya nje.

"Mia moja themanini na nne," nesi alisema. "Imeshika."

"Sawa," dada alisema.

"Umenisikia? Nasema imeshika. Una mimba. Uje keshokutwa tupime tena tuone kama inapanda. Na sindano usiache, wiki kumi kamili, mpaka kondo la nyuma lianze kujitegemea."

"Sawa. Asante, nesi."

Simu ikazimika. Maji yalikuwa yakichemka kwenye sufuria, akainuka akapunguza moto. Akakaa tena.

"Kwa hiyo sasa tunafanya nini?" shemeji aliuliza. Aliuliza kwa dhati, kama mtu aliyeletewa mashine ya aina asiyowahi kuifungua.

"Sijui," dada alisema. "Hatujawahi kufika hapa."

Nikafungua mdomo kusema kitu. Nilikuwa nacho, hata kilikuwa kizuri, kuhusu matroni. Nikaufunga.

"Mpigie mama," shemeji alisema. "Anasubiri."

Mama yetu anakaa mbali, na simu yake huwa inalia mara moja tu kabla hajapokea, siku za namna hii. Dada hakuzima sauti ya nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole."

"Mama, imeshika."

"Najua, mwanangu, najua. Usijilaumu. Umefanya kila kitu. Kula, ulale, usiende kazini kesho."

"Mama. Nasema imeshika. Nina mimba."

Upande wa pili tulisikia kuku, tukasikia mtu akiburuta kiti. Kisha pumzi ya mama, karibu kabisa na simu. Alikuwa ameandaa maneno yake tangu asubuhi, pengine tangu wiki iliyopita, yaleyale ya mara tatu zilizopita, na sasa alikuwa akiyapekua moja baada ya jingine kutafuta la kufaa.

"Haya," akasema. "Haya, mwanangu." Kisha, kwa sababu hakupata jingine, "Pole."

"Asante, mama," dada akajibu.

Hakuna kati yao aliyekata simu. Dada alikaa na macho kwenye sufuria, mama akahema kule aliko, na mimi na shemeji tukabaki tumesimama mlangoni bega kwa bega, kila mmoja akingoja mwenzake afurahi kwanza.